Naweza kupiga njumu za shaba kwenye madigadi ya pikipiki yangu hapa Tanga?

"Fundi, shikamoo. Nina pikipiki ya 150 ninayoendea kazini kutoka Sahare hadi Pongwe kila siku, peke yangu, sibebi abiria. Mwezi uliopita nilitoa ile siti ndefu nikaweka siti ya mtu mmoja yenye springi. Sasa madigadi ya nyuma iko wazi, chuma chenye rangi nyeusi ya kiwandani, inaonekana kama kichwa kilichonyolewa. Nataka kuipamba. Fundi mmoja wa Ngamiani anataka anipigie njumu za shaba 24, mistari miwili, kama mlango wa Bagamoyo. Anasema shaba haishiki kutu, kwa hiyo chumvi ya bahari isinitishe. Mwingine anasema niipeleke ikatiwe kromu. Mimi nilikuwa nawaza kuzungushia ukingoni kamba ya katani iliyosukwa, maana ndiyo Tanga yetu. Rafiki yangu anasema nibandike stika niache kujisumbua. Na mchumba wangu anataka jina lake liandikwe. Kipi kitadumu, na kipi kitaniharibia madigadi?"

Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nacheka kwa hicho kichwa kilichonyolewa, maana ndivyo ilivyo hasa. Siti ndefu ikitoka, kinachobaki nyuma ni bati lililoumbwa likae gizani. Kiwanda hakikukusudia lionekane. Wamarekani walioanza mtindo huu miaka ya 1930, na ukashika kasi vijana wao waliporudi vitani baada ya 1945, walikuwa wakikata madigadi za Harley na Indian ili pikipiki ziwe nyepesi, na pikipiki ya namna hiyo wakaiita bobber, kutokana na neno lao la kukata fupi, kama mkia wa farasi au nywele. Kwa hiyo mfano wako wa kinyozi haukukosea njia.

Nikiusoma wasiwasi wako sawasawa, uzuri umekwisha kuuchagua. Moyo wako uko kwenye njumu. Unachoogopa ni kupita masika mbili halafu ukute madigadi imetoboka kama chujio la nazi. Basi nikujibu hilo kabla ya mengine: njumu utazipata, lakini asiitoboe madigadi.

Fundi wako hakukudanganya aliposema shaba haishiki kutu. Kutu ni ugonjwa wa chuma. Shaba ikikaa nje hugeuka kahawia, ikifika kwenye chumvi huota ukijani, kisha hukaa hivyo miaka na miaka. Alichokisahau ni jirani wa hiyo shaba. Metali mbili zisizo za aina moja zikigusana, katikati yao pakawa na maji yenye chumvi, hapo umetengeneza betri. Hukukusudia, lakini ni betri kweli, na umeme mdogo unapita. Kila betri ina upande unaoliwa na upande unaosalimika. Kati ya chuma na shaba, anayeliwa ni chuma. Shaba inasalimika, na chuma kilichoishika kinaisha haraka kuliko kama kingekuwa peke yake.

Hapo watu hunijibu: "Lakini fundi, njumu ni vidude vidogo, madigadi ni kubwa, itadhurika kidogo tu." Ingekuwa hivyo kama madigadi ingekuwa chuma kitupu. Yako imepakwa rangi, na rangi haipitishi umeme. Chuma kilicho wazi ni ile pete nyembamba ndani ya tundu, pale keekee ilipokwangua rangi. Sasa pima mwenyewe. Upande wa shaba ni kichwa kizima cha njumu, upande wa chuma ni duara jembamba kama uzi. Ulaji wote unaelekezwa kwenye huo uzi. Kwa maneno mengine, rangi nzuri iliyotobolewa ni mbaya zaidi kwa jambo hili kuliko chuma kisichopakwa kabisa. Najua inasikika kinyume, na hata mafundi wenye miaka mingi kazini hulikosea.

Waingereza walijifunza hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1761 jeshi lao la majini liliivika manowari iitwayo HMS Alarm mabati ya shaba tumboni, ili kuzuia fukusi wa baharini wasile mbao. Walipoikagua baada ya muda, shaba ilikuwa salama lakini misumari ya chuma iliyoigusa ilikuwa imeliwa vibaya. Misumari michache ilikutwa mizima, na walipochunguza kwa nini, wakaona karatasi ya kahawia iliyokuja imefungia mabati ilikuwa imesahaulika pale, ikatenganisha chuma na shaba. Karatasi tu! Mimi hukikumbuka kisa hiki kila ninapokata wosha ya raba.

Na mlango wa Bagamoyo? Njumu zake zimepigwa kwenye mti. Mti hautengenezi betri na shaba. Ndiyo maana milango hiyo, na ya Unguja, na michache iliyobaki Pangani, imevumilia upepo wa bahari vizazi kadhaa. Nakshi ile ilibuniwa kwa ajili ya mbao. Ukiihamishia kwenye bati la milimita moja hivi, umechukua uzuri wake na kuacha nyuma kilichoulinda.

Nakwambia haya kwa sababu nimelifanya kosa hilo kwa mkono wangu. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilimtobolea mteja madigadi matundu kumi na mawili, nikafunga vichwa vya shaba kwa nati kutoka chini, nikajisifu. Alikuwa akiendesha kando ya bahari kila jioni. Aliporudi, kila njumu ilikuwa na chozi jekundu linaloteremka kwenye rangi, mithili ya wanja uliolowa. Nilipofungua nati ya kwanza ilitoka na kipande cha bati. Niliinunua madigadi nyingine kwa fedha zangu.

Matundu yana ubaya mwingine ambao hauhusu chumvi. Injini yako ni ya pistoni moja, na mtikisiko wake unafika mpaka mkiani. Madigadi iliyo wazi nyuma, isiyobanwa na siti, hutetemeka zaidi kuliko zamani. Bati linalotetemeka hupenda kupasuka pale lilipo dhaifu, nako ni kwenye tundu, hasa tundu lililo karibu na ukingo au lililo kwenye mstari mmoja na mengine. Matundu 24 kwa mistari miwili ni kama kuchora mstari wa kuchania stempu. Juu yake ukiongeza uzito wa shaba mwishoni kabisa mwa mkia, unakuwa umeongeza nguvu ya kila tetemeko.

Halafu kuna upande wa chini. Boliti na nati zinaning'inia kuelekea tairi. Pikipiki ikiwa imesimama, nafasi inaonekana ni kubwa, lakini ukikita kwenye shimo la barabara shokapu zinajikunja na gurudumu linapanda. Kabla hujafunga chochote chenye ncha upande wa ndani, fanya jaribio hili la jikoni: chukua vipande vya unga wa chapati uliokandwa mgumu, vipe unene wa vidole vitatu, vizungushie nailoni, uvibandike kwa utepe chini ya madigadi mahali patatu. Endesha njia yako ya kawaida ukipitia pale pabaya. Ukirudi, angalia kama unga umekunwa au kubanwa. Kama tairi imeugusa, hapo hapana nafasi ya nati, wala ya taa, wala ya waya.

Sasa njia zilizobaki.

Njumu bila tundu zinawezekana. Tafuta vichwa vyepesi vya shaba, vile vilivyo bapa nyuma, visivyo na mkia wa msumari. Rangi ya madigadi iwe nzima na imekauka kabisa, si ya jana. Futa mafuta kwa spiriti, kisha bandika kwa utepe mnene wa povu wenye gundi pande mbili, ule unaobandikiwa nembo za magari. Povu hilo linafanya kazi mbili: linavumilia mtikisiko, na linatenganisha shaba na chuma kama ile karatasi ya HMS Alarm. Gundi ngumu za kuchanganya mirija miwili hushika sana siku ya kwanza, ila hazipindi, na mtikisiko huzivunja. Silikoni nayo uinuse kwanza. Ikinuka siki, iache dukani. Harufu hiyo ni asidi inayotoka inapokauka, na asidi hiyo huila shaba na chuma pia. Ziko silikoni zisizonuka siki, muulize muuzaji. Njumu za kubandika siku moja itadondoka moja, sikufichi. Basi nunua thelathini, ubandike ishirini na nne.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya ngozi. Pikipiki kubwa za Marekani zina pambo linalolala katikati ya madigadi ya nyuma, kuanzia kwenye siti hadi karibu na taa: mkanda mpana wa ngozi, mara nyingi wenye njumu pembeni na visahani vya metali katikati. Wao wanaliita bibu, kama hii tunayomfunga mtoto shingoni anapokula uji. Vile visahani vinaitwa concho, na jina limetoka kwenye neno la Kihispania lenye maana ya kombe la baharini. Mtu wa Sahare hahitaji kuelezwa kombe ni nini.

Uzuri wa bibu ni kwamba njumu zinapigwa kwenye ngozi. Tundu liko kwenye ngozi, betri haipo, na siku ukichoka unaivua. Fundi viatu mzuri anaweza kukushonea. Mwambie akate ngozi nene ya ng'ombe, akunje mikia ya njumu upande wa chini, halafu ashonee kitambaa laini juu ya mikia hiyo isije ikakwaruza rangi. Akiacha mikia wazi, utakuwa umeirudia shida ileile kwa mlango wa nyuma, maana itakwangua rangi mpaka ifike kwenye chuma. Mbele ifungwe kwa boliti za siti zilizopo tayari, nyuma kwa kamba mbili za ngozi zinazopita chini ya ukingo na kushikwa na bizimu kwenye mabano ya taa. Tundu jipya halihitajiki hata moja.

Ngozi ina masharti, na usipoyafuata bora usiivae. Inanyonya maji. Ikilowa mvua ya masika, au umande wa asubuhi wenye chumvi, inakaa juu ya rangi kama kitambaa cha kumkanda mgonjwa, na chini yake bati halipati hewa. Kutu hupenda pale, kwenye unyevu uliofichwa, kuliko mahali palipo wazi. Kwa hiyo bibu si ya kuendea Pongwe kila siku. Ni ya Idi, ya harusi, ya Jumapili ya Raskazone. Ukirudi ivue, ipanguse, iache kivulini. Ukitaka kuilainisha tumia nta ya nyuki. Mafuta ya nazi tuyaache kwenye wali na nywele, kwa kuwa yakikaa kwenye ngozi huchacha na kualika ukungu.

Kwa siku za kazi, jawabu langu ni rangi na brashi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wa mjini wameisahau kazi hii wakati mafundi wake wangalipo. Huko Marekani aliyeifanya mistari ya mkono kuwa sanaa ya kisasa ya magari na pikipiki, miaka ya 1950 huko California, alikuwa Kenny Howard, aliyejulikana zaidi kama Von Dutch. Chombo chake ni brashi fupi mpini, ndefu nywele, nywele laini zilizochongoka kama upanga. Urefu huo wa nywele ndio siri. Zinabeba rangi nyingi na zinalala kwenye bati, kwa hiyo mkono ukitetemeka kidogo mstari hautetemeki nao. Brashi fupi ya shuleni huonyesha kila pumzi ya mchoraji.

Sisi tuna watu wa kazi hiyo. Aliyezoea kuandika mabango ya maduka kwa mkono, au aliyechora omo za mashua, ana mkono unaotakiwa. Tanga ni mji wa baiskeli, na wenye umri wangu wanakumbuka zile raba za madigadi ya nyuma zilizoandikwa misemo kwa rangi nyeupe na nyekundu, kila baiskeli na neno lake kama kanga. Kumpa mtu wa namna hiyo madigadi yako ni kumrudisha nyumbani. Mwombe mstari mmoja wa rangi ya shaba kila upande wa ule mgongo wa katikati, uanze mwembamba kwenye siti, unenepe kidogo, ukutane na mwenzake juu ya taa. Kama bado moyo unataka njumu, anaweza kuzichora: duara dogo la rangi ya shaba, kivuli cha kahawia chini, nukta nyeupe juu. Ukiwa hatua tatu nyuma huwezi kuapa kuwa si za kweli.

Utaratibu wake ni huu. Rangi yako ya kiwandani kama bado inang'aa na haijapasuka, huna haja ya kuipaka upya. Ioshe, ifute kwa spiriti, achore kwa rangi ya mafuta inayokauka polepole. Akikosea anafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na kuanza tena, rangi ya chini haidhuriki kwa kuwa ilikwisha kukomaa. Iache ikauke siku kadhaa. Msimruhusu mtu awashauri kupulizia klia, ule utando angavu wa juu unaong'arisha rangi, juu ya rangi ya mafuta kesho yake. Kimiminika cha klia kitaikunja rangi changa kama utando wa maziwa. Ama aache mistari bila klia, nayo itadumu miaka ikioshwa kwa upole, ama tangu mwanzo atumie rangi za aina moja zinazokubaliana.

Kama rangi ya chini imekwisha kuchoka, hapo ni kazi ya kupuliza. Msasa wa maji namba 400, praima pale chuma kilipoonekana, msasa wa 600, rangi, halafu klia ya kuchanganya na hadena, yaani dawa ya kuigandisha. Kwa hali ya hewa yetu chagua saa. Unyevu ukiwa mwingi, rangi hupauka ikawa na weupe kama pumzi kwenye kioo, kwa sababu kimiminika kinapokauka hupoza bati na umande hutua juu yake. Mimi hupuliza kuanzia saa nne asubuhi, bati likishapata joto, na wakati wa masika nakataa kazi hizo kabisa. Klia ya hadena ina sumu ya mapafu iitwayo isosayaneti. Kitambaa puani hakizuii kitu. Katika nchi zenye usimamizi mkali wapulizaji huvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Usijaribu mwenyewe uani kwenu penye watoto.

Kromu nitaipitia haraka. Kinachong'aa ni ngozi nyembamba mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Kinachokinga chuma ni nikeli iliyo chini yake. Fundi akibania nikeli, kromu inatoka inameta vizuri sana dukani, kisha chumvi hupenya kwenye vitundu usivyoviona na kutu huchomoza kama vipele. Huwezi kuvitibu, ni kung'oa yote na kuanza upya. Kwa pwani, na kwa madigadi inayopigwa mchanga na tairi kila siku, sikushauri. Ukitaka kumeta, afadhali madigadi ya chuma kisichoshika kutu iliyosuguliwa.

Na hapo ndipo katani yako inapopata kazi yake halali. Kamba ya katani ukingoni itanyonya maji, itashika chumvi na vumbi jeupe la chokaa la huko Pongwe, itakwangua rangi kwa kusugua, na kufikia vuli itakuwa imeoza nusu. Isiguse chuma. Lakini katani ni mojawapo ya nyuzi zinazotumiwa duniani kote kusugulia metali. Hufumwa ikawa gurudumu, likafungwa kwenye mota, likapakwa sabuni ya kusugulia, nalo hung'arisha chuma kigumu ambacho pamba haikiwezi. Mmea wenyewe uliletwa kwetu na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, iliyofika hai ni 62 tu, na mashamba yote yakatokana na hiyo. Kwa hiyo mtu akikuuliza Tanga iko wapi kwenye pikipiki yako, mwambie iko kwenye mng'ao. Kama hutosheki, suka mkoba mdogo wa katani uufunge kwenye fremu pembeni, wenye kitambaa kizito nyuma yake.

Stika sizidharau. Zina tabia ya msemo wetu wa Tanga tu: waja leo waondoka leo. Jua huzikausha, kingo huinuka, vumbi huingia. Ukibandika, kata pembe ziwe za duara, maana pembe kali ndiyo huanza kubanduka. Na usiache stika iliyoinuka kingo, kwa kuwa huhifadhi maji.

Chochote utakachochagua, upande wa chini wa madigadi unahitaji macho yako kuliko wa juu. Tairi linarusha mchanga pale kama msasa. Osha, kausha, paka rangi nzito ya lami ile inayopakwa chini ya magari. Ukitoka ufukweni suuza kwa maji matamu. Nasema matamu kwa sababu visima vingi vya pwani vina chumvi, na kuoshea maji hayo ni kuongeza ulichotaka kuondoa.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi, itabidi mtu aione pikipiki. Bonyeza bati kwa kidole gumba kuzunguka boliti zote. Likibonyea au likitoa sauti ya kukwaruza, limeliwa ndani, usilipambe. Ukiona mstari wa ufa unaotoka kwenye tundu, vilevile. Kama siti yako mpya imechomelewa kwenye mkia wa fremu, mpelekee fundi fremu aikague leo, si baada ya mapambo, na siku yoyote ya kuchomelea hakikisha betri imefunguliwa waya. Na kama taa ya nyuma au indiketa zimehamishwa, fundi umeme aangalie waya hazipiti pale tairi linapopanda.

Upande wa sheria, namba ya usajili, taa ya nyuma, taa ya breki na kiakisi lazima vionekane bila kufunikwa na ngozi, njumu wala chochote. Usiweke taa ya buluu kwa urembo, utajitafutia maneno na trafiki. Kadi yako ya usajili imeandikwa rangi ya pikipiki na idadi ya viti. Rangi ukiiacha nyeusi umebaki salama, lakini kwa kuwa umetoa kiti cha abiria, pita TRA uulize namna ya kurekebisha kabla hujasimamishwa njiani. Na vikanyagio vya abiria vitoe. Madigadi tupu haibebi mtu, lakini hapa kwetu rafiki akiona pa kuweka mguu atapanda tu, na ataikalia hiyo mistari uliyolipia.

Nimebakiza jina la mchumba. Herufi zisizidi urefu wa vidole viwili, ziwe juu ya taa na si chini, ili mchanga usizifute. Kuhusu liandikwe kwa rangi juu ya bati au lichongwe kwenye ngozi inayovulika, mimi ni mtu mzima, nimewafutia wateja majina mengi. Muulize kwanza kama anasoma majibu yangu. Kama hasomi, weka kwenye ngozi.